Kata na Kawa Si Mapambo Tu

Siku hizi huku kwetu Pwani kata hutundikwa ukutani, na kawa hugeuzwa pambo la taa. Mgeni huvipiga picha, akaenda zake. Lakini vyombo hivi vilikuwa na kazi, na kazi yenyewe ilikuwa ya afya.

Hili nimelisikia kwa daktari mmoja, mwenzetu wa Mombasa anayefanya kazi Kakamega. Hupenda vyombo vya kale: vinu, sinia, mitungi, pamoja na isiongo, mtungi wa Waluhya. Kila siku huletewa watoto wanaoharisha, na hakosi kumwuliza mama: "Maji ya mtungini mnayatekaje?"

Ana sababu. Magharibi mwa Kenya, mchumi Michael Kremer, aliyepata tuzo ya Nobel mwaka 2019, alichunguza na wenzake faida ya kuzijengea chemchemi zisiingie uchafu. Uchafu wa kinyesi kwenye chemchemi ulipungua kwa asilimia 66, na kuharisha kwa watoto kukapungua kwa robo hivi. Ila maji hayo hayo yalipopimwa majumbani, nafuu ilikuwa ndogo zaidi. Yalikuwa yamechafuka tena baada ya kutekwa.

Sasa itazame kata: kifuu cha nazi kilichotiwa mpini mrefu. Ukiteka nayo, vidole haviyagusi maji. Kikombe cha plastiki huzama pamoja na mkono, na mkono huo haujulikani ulikotoka.

Mtungi nao una hikima yake. Udongo una vitundu vidogo mno. Maji hupenya, yakakauka kwa nje, na yakikauka huondoka na joto. Ndipo yaliyomo yakawa baridi. Lakini baridi si usafi, kwani mtungi hauui vijidudu. Kule Homa Bay, shirika la CARE lilishirikiana na kina mama wafinyanzi kutengeneza mitungi yenye mdomo mwembamba, kifuniko na bomba, na watu wakafundishwa kutia dawa maji yao. Hawakuambiwa watupe mitungi waliyoizoea, ilirekebishwa tu.

Na kawa je? Hilo huzuia nzi, ambaye hutoka chooni akatua kwenye wali. Sisi Waislamu hatuna udhuru hapa: Mtume (s.a.w.) ametuamrisha kufunika vyombo usiku, na hadithi hiyo imo katika Sahih Muslim.

Kwa hiyo, ndugu zangu, mwenye mtungi auoshe mara kwa mara, atie maji yaliyochemshwa au yaliyotiwa dawa, kisha aufunike. Kata ioshwe na itundikwe karibu na mtungi, isilazwe chini. Chakula kiwekewe kawa. Na aliye na bibi hai amwulize vyombo vyake vilikuwa vya nini, kabla mnunuzi wa vitu vya kale hajabisha hodi.