Senti 44 kwa Kilo: Mfuko wa Kahawa Karagwe na Kyerwa

Kahawa iliyouzwa kwa masharti ya Fairtrade hulipiwa, juu ya bei yake, senti 20 za dola ya Marekani kwa pauni. Kwa kilo ni kama senti 44, iwe imetoka Kayanga wilayani Karagwe au Sumatra. Pesa hiyo huingia kwenye mfuko wa chama, na wanachama ndio wanaopiga kura itumikeje. Hapa Karagwe na Kyerwa chama kikuu cha ushirika ni KDCU, kilichoanza 1990, miaka 22 kabla Kyerwa haijamegwa kutoka Karagwe.

Tupige hesabu. Kaya iliyopeleka AMCOS, yaani chama cha msingi, kilo 400 za kahawa ya maganda hutoa, zikishakobolewa, karibu kilo 200 za kahawa safi. Ikiuzwa yote Fairtrade, fungu lake ni dola 88. Likigawiwa mkononi litaishia kwenye sare na madaftari. Kaya 300 za namna hiyo, kwa pamoja, zina dola 26,400. Angalau robo, yaani 6,600, lazima iende kwenye tija na ubora. Zinabaki 19,800.

Hizo ndizo zinazoniumiza kichwa, kwa sababu ya butura, yaani kuuza kahawa kabla haijavunwa. Januari shule zinafunguliwa, kahawa ingali mbichi mtini, na mavuno ni ya kuanzia Mei hivi. Mwenye fedha anakuja kuinunua huko huko mtini, kwa bei anayoitaka yeye. Bei ya chini ya Fairtrade kwa robusta safi iliyokaushwa na maganda yake kisha ikakobolewa, iliyopangwa 2023, ni dola 1.20 kwa pauni, au 2.64 kwa kilo kabla ya makato. Anayeiachia kwa nusu bei anapoteza 1.32, mara tatu ya zile senti 44. Hata ukiondoa makato ya ukoboaji na usafiri, hasara bado ni kubwa kuliko fungu lake.

Darasa na zahanati ni mambo mema, lakini kura yangu ingekwenda kwenye mkopo wa Januari. Kaya 100 zilizobanwa zaidi zingepata dola 198 kila moja, zirudishwe kahawa ikiuzwa, na mwaka unaofuata pesa ile ile ikopeshwe tena.

Hilo linataka hesabu zisomwe mkutanoni, na wajumbe wasioogopa kuuliza. Linataka pia daftari la wanachama liwe la haki: likiandikwa jina la mume peke yake, mama aliyechuma na kuanika hana kura juu ya hata senti moja. Majina yote mawili yaandikwe kwanza, ndipo mfuko ujadiliwe.