Ndege Isiyoruka Ndiyo Inayokula Pesa

Tangazo la kuuza Cessna 172 likisema injini ina saa 450 tu tangu ijengwe upya miaka 16 iliyopita, mnunuzi hudhani ameokota dodo. Kiwanda kimeipa injini ya aina hiyo saa 2,000 kabla ya ukarabati mkubwa, kwa hiyo anahesabu kwamba amebakiwa na saa 1,550. Fundi akisoma tangazo hilohilo anasita. Anagawa saa kwa miaka na kupata saa 28 kwa mwaka, na anajua kwamba ndani ya hesabu hiyo imo miezi ambayo ndege haikuguswa kabisa. Mimi ningeiamini zaidi injini ya shule ya urubani yenye saa 1,600 zilizorukwa ndani ya miaka mitatu.

Sababu iko ndani ya kasha la injini. Ndege nyingi ndogo za binafsi hutumia injini za Lycoming za silinda nne, O-320 au O-360. Katika injini hizi kamshafti imewekwa juu ya krankshafti, karibu na paa la kasha. Nundu zake, zile zinazosukuma tapeti ili valvu zifunguke, hazina mfereji wa kuzipelekea oili kwa shinikizo. Zinategemea oili inayorushwa huku na huku krankshafti inapozunguka. Injini ikizimwa, oili huchuruzika kwenda chini, na ndege ikikaa wiki kadhaa chuma cha juu hubaki karibu kikavu. Wakati huohuo maji yamo humo ndani, kwa sababu petroli ikiungua hutoa mvuke, na sehemu yake hupenya kwenye ringi za pistoni hadi kwenye oili. Yakichanganyika na mabaki mengine ya mwako hugeuka asidi.

Hapo ndipo kutu inapoanzia. Doa dogo kama kichwa cha pini kwenye uso wa tapeti linatosha. Injini ikizunguka mara 2,400 kwa dakika, kamshafti huzunguka mara 1,200, na kila mzunguko nundu hulikandamiza doa lile. Uso mgumu wa chuma huanza kubanduka, vibanzi vinaingia kwenye oili, nundu inalika, valvu haifunguki tena kwa kimo chake. Nguvu hupungua polepole mno hata rubani haoni tofauti. Na kamshafti ya Lycoming haitoki mpaka injini ishushwe kwenye ndege na kasha lipasuliwe katikati, kazi ambayo gharama yake inakaribia ile ya ukarabati mkubwa wenyewe.

Walioteseka zaidi ni wamiliki wa Cessna 172N, zilizoanza kutengenezwa na injini ya O-320-H2AD kwa toleo la mwaka 1977. Tapeti na kamshafti za injini hiyo zililika upesi hivi kwamba mamlaka ya anga ya Marekani iliagiza kiungo maalumu kiwekwe kwenye oili yake. Toleo lililofuata, 172P la mwaka 1981, lilibadilishiwa injini.

Mwambao wetu ni adui mkubwa zaidi. Ndege inayolala Malindi, Lamu au Unguja inavuta hewa yenye unyevu na chumvi usiku kucha. Lycoming wenyewe wameonya kwamba katika sehemu zenye unyevu mwingi kutu imewahi kuonekana kwenye kuta za silinda za injini mpya zilizokaa siku mbili tu.

Wengi hujibu kwamba wao huiwasha kila Jumamosi, ikanguruma dakika kumi, wakaizima. Hilo ni baya kuliko kuiacha. Oili lazima ifike nyuzi joto 80 hivi za Selsiasi, na ikae hapo muda wa kutosha, ndipo maji yafukizwe. Ikiunguruma chini haifiki huko. Inaongezewa maji mapya tu. Irushe saa nzima, au uiache. Na oili ibadilishwe kila baada ya saa 50 au miezi minne, lolote litakalotangulia, hata kama ndege imeruka saa tano tu.

Tufanye hesabu. Chukulia ukarabati mkubwa unagharimu dola 40,000. Ukiufikia kwa saa 2,000, kila saa uliyoruka imebeba dola 20 za injini. Kiwanda kinataka pia ukarabati huo ufanywe ikitimia miaka 12 hata kama saa hazijafika. Mwenye kuruka saa 50 kwa mwaka atakuwa na saa 600 wakati huo, na kila moja imebeba karibu dola 67. Kwetu, vipuri vinatoka ng'ambo, hivyo ongeza usafirishaji na ushuru. Tena ukibadilishana injini yako na iliyokwisha kujengwa upya, wanaipima ya kwako kwanza. Kasha likikutwa na ufa au krankshafti ikikataliwa, bei inapanda.

Gharama nyingine hutokana na mazoea ya rubani. Petroli ya ndege ya 100LL, ile ya rangi ya buluu, inaruhusiwa kuwa na risasi hadi gramu 0.56 kwa lita. Injini inayokula lita 32 kwa saa yaweza kupitisha gramu 18 za risasi. Nyingi hutoka na moshi, ila nyingine hujikusanya kama vipunje vya kijivu kwenye plagi, hasa za chini. Uwanja wa Wilson, Nairobi, uko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi, na rubani anayetembeza ndege chini bila kupunguza mafuta kwenye mchanganyiko huchafua plagi kabla hajafika mwanzo wa barabara ya kurukia. Kisha akijaribu magneto injini inakwamakwama, naye anaita fundi.

Kipimo cha kompresheni mmiliki akishuhudie kwa masikio yake. Injini ikiwa ya moto, fundi huingiza hewa ya shinikizo la psi 80 kwenye silinda, na geji ya pili huonyesha iliyobaki. Ikishuka, sikiliza. Hewa ikifoka kwenye ekzosi, valvu ya kutolea moshi inavuja. Ikifoka kwenye mdomo wa kujazia oili, ni ringi. Usikubali silinda ing'olewe kwa kipimo kimoja kibaya. Ruka saa chache, pima tena, chungulia valvu kwa kamera ndogo. Kumewahi kutokea injini zilizoharibika angani kwa sababu boliti za silinda iliyorudishwa hazikukazwa ipasavyo.

Jambo hili lina ushahidi wa zamani. Mwaka 1943 mwanabiolojia Conrad Waddington, akifanya kazi na kikosi cha Uingereza cha ndege za ulinzi wa pwani, aligundua kwamba ndege za mabomu za Liberator ziliharibika zaidi mara tu baada ya ukaguzi wa kila saa 50, kisha hitilafu zikapungua kadiri zilivyozidi kuruka. Mikono iliyofungua kisichohitaji kufunguliwa ilikuwa inaleta hitilafu.

Kwa hiyo kama huna nafasi ya kuruka kila wiki, tafuta wenzako wawili watatu mmiliki pamoja, au ikodishe kwa shule. Ikishindikana, mwambie fundi aihifadhi kwa oili ya kuhifadhia na plagi za kunyonya unyevu. Na wewe unayetafuta ya kununua, usimalizie malipo kabla fundi uliyemchagua mwenyewe hajaichana filta ya oili mbele yako na kupitisha sumaku kwenye mikunjo yake.