Adhabu ya Kifo (Sehemu ya Pili): Mto Mmoja, Sheria Tatu

Katika sehemu ya kwanza tulitazama dini zinasemaje kuhusu kumwaga damu. Leo tugeukie sheria, na wasomaji wa Karagwe na Kyerwa hawana haja ya kwenda mbali. Mto Kagera unatosha.

Mtu akiua kwa kukusudia Murongo, wilayani Kyerwa, kifungu cha 197 cha Kanuni ya Adhabu kinamlazimu Jaji kumhukumu kunyongwa hadi kufa. Akiua Kikagati, ng'ambo ya daraja, Jaji wa Uganda ana hiari: tangu hukumu ya shauri la Susan Kigula, mwaka 2009, hupima kwanza mazingira ya kosa. Akiua upande wa Rwanda, hanyongwi kabisa. Nchi hiyo ilifuta adhabu ya kifo mwaka 2007, miaka 13 tu baada ya mauaji ya kimbari.

Wanaoitetea adhabu hii si wakatili. Waulize ndugu wa bibi aliyekatwa mapanga kwa kusingiziwa uchawi. Watakwambia damu ya mtu haiendi bure, na kwamba Serikali ikilegea, wananchi watajichukulia sheria mkononi. Wanaoipinga hujibu kuwa shahidi wa usiku huweza kukosea sura, na aliyekwisha kunyongwa hana rufaa. Mahakama yetu ya Rufani yenyewe, mwaka 1995 katika shauri la Mbushuu, ilikiri kuwa adhabu hii ni ya kikatili, ila ikaibakiza kwa masilahi ya jamii.

Mimi nashika jambo moja ambalo hata mtetezi wa kitanzi anaweza kulikubali: ulazima uondoke. Mbele ya Mahakama Kuu, Bukoba, muuaji wa kukodiwa na mke aliyemuua mumewe baada ya miaka ya kipigo, wakitiwa hatiani kwa kosa hilo, hupewa adhabu ileile. Wakili husimama kuwaombea huruma, naye Jaji hana pa kuiweka. Novemba 28, 2019, Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, Arusha, ilitamka katika shauri la Ally Rajabu na wenzake kwamba ulazima huo unavunja haki ya kuishi.

Tangu 1994 hakuna aliyenyongwa nchini. Hukumu inayotolewa bila kutekelezwa haimtishi muuaji wala haimfariji mfiwa.

Sehemu ijayo: msamaha wa Rais chini ya Ibara ya 45 ya Katiba, na nafasi ya familia ya marehemu.