Ujumbe wa Kliniki Umfikie Mzee kwa Njia Aliyoizoea

Shinikizo la damu na kisukari huhitaji dawa kila siku, hata siku ambazo mgonjwa hajisikii vibaya. Mzee anayekosa kliniki huweza kuishiwa dawa, na shinikizo lisilodhibitiwa laweza kuleta kiharusi. Hapo ndipo penye thamani ya ujumbe wa simu unaomkumbusha tarehe yake. Hata hivyo, ujumbe uliotumwa si lazima uwe umefika.

Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 humtambua mzee kuwa mtu wa miaka 60 au zaidi. Wengi wa rika hilo hupata habari kwa kusikia: redioni, msikitini, kanisani, au kwa jirani. Simu ni ya kupiga na kupokea. Ujumbe wa maandishi husomewa na mjukuu. Huduma ya kidijitali inayofaa huanzia kwenye mazoea hayo.

Mfano ni saa. Ujumbe ukiandikwa "08:00", mzee aweza kuelewa saa nane na kufika mchana, kliniki ikiwa imefungwa. Ukiandikwa "Jumanne, saa mbili asubuhi", hakuna utata. Kwa asiyesoma, simu ya sauti kwa Kiswahili chepesi hufaa zaidi.

Jambo la pili ni mwenye simu. Namba iliyo kwenye jalada mara nyingi ni ya mtoto au mjukuu, na si kila mzee angependa maradhi yake yajulikane. Kwa hiyo mzee mwenyewe aulizwe ujumbe upitie kwa nani, nao utaje siku na mahali bila kutaja ugonjwa.

Aidha, kadi ya kliniki iendelee kuandikwa tarehe, na mhudumu wa afya ngazi ya jamii amtembelee asiyefikiwa kwa simu.

Wakazi wanaoishi na wazee wanashauriwa kufanya mambo matatu: kukitaarifu kituo kila namba inapobadilika; kumsomea mzee ujumbe siku hiyohiyo; na kutompa mtu yeyote namba ya siri ya simu ya mzee, hata akijitambulisha kuwa mtumishi wa afya. Mwenye swali la afya aweza kupiga bila malipo namba 199 ya Wizara ya Afya, akajibiwa kwa mazungumzo.