Taa moja yatosha kukufungulia studio

JE, wewe ni mwanafunzi ambaye umekuwa ukidunduliza pesa ili ununue taa za studio? Ama ni mzazi ambaye mwanao amekujia na orodha ndefu ya vifaa vya kupigia picha, akikuhakikishia kwamba pesa zako zitarudi kabla ya mwaka kwisha? Basi kabla hujafungua mkoba, tulia kidogo tuzungumze.

Biashara ya picha ingali na nafasi, hata ingawa siku hizi karibu kila mtu ana kamera kwenye simu. Mahafali hayaishi, harusi haziishi, na hakuna familia isiyotaka picha moja nzuri ya nyanya kabla siku zake hazijakwisha. Hata hivyo, wengi wanaojitosa katika kazi hii hupotezea pesa zao mahali pamoja: kwenye taa. Hununua taa tatu zenye nguvu nyingi, kisha picha zikatoka na nyuso zinazometameta kama zilizopakwa mafuta ya kupikia, na kivuli cheusi kikiwa kimesimama ukutani nyuma ya kila mtu. Vyote ving'aavyo si dhahabu.

Kinyume na fikira za wengi, si nguvu ya taa inayoipa picha uzuri wake. Mambo mawili ndiyo yanayotawala: ukubwa wa uso unaotoa mwanga, na umbali wake kutoka kwa anayepigwa picha. Ukilielewa hilo, utaanza na taa moja tu na wateja hawatajua tofauti.

Strobo ni nini?

Taa tunayozungumzia huitwa strobo. Haiwaki muda wote kama balbu ya nyumbani. Ndani yake mna kapasita, kifaa kinachohifadhi umeme, pamoja na neli ya kioo iliyojaa gesi ya zenoni. Ukibonyeza kamera, umeme wote uliohifadhiwa hupita ndani ya gesi hiyo kwa ghafla na kutoa mwanga mkali kwa muda mfupi kuliko kupepesa jicho.

Mhandisi Harold Edgerton wa chuo cha MIT, Marekani, alijulikana duniani kote kwa kutumia mmweko wa aina hii tangu miaka ya 1930. Alionyesha tone la maziwa likianguka na kuruka kama taji na, mnamo 1964, risasi ikiwa imepenya tufaha. Kwako wewe, faida ni kwamba mtoto asiyetulia hatatoka na uso uliofifia.

Lakini jiulize kwanza: unahitaji strobo kweli? Ikiwa kazi yako kubwa itakuwa video, strobo haitakufaa, kwa kuwa humweka mara moja na kuzima. Nunua taa za LED zinazowaka mfululizo. Kadhalika, ikiwa unapiga picha kwa simu, fahamu kwamba simu nyingi haziwezi kuwasiliana na strobo. Unahitaji kamera yenye mahali pa kuchomeka fleshi juu yake, na inayokuruhusu kupanga mambo yote kwa mkono.

Usitishwe na nambari kubwa

Nguvu ya strobo hupimwa kwa joule. Wengine huita wati-sekunde, lakini ni kitu kile kile. Usichanganye kipimo hicho na wati za balbu ndogo iliyo katikati ya strobo, ambayo kazi yake ni kukuonyesha tu vivuli vitaangukia wapi. Kuna wauzaji ambao hukutajia nambari moja ukidhani ni nyingine.

Sasa sikiliza hesabu hii. Ukiongeza nguvu maradufu, kutoka joule 400 hadi 800, utakachopata ni hatua moja tu ya tundu la lenzi, yaani kutoka f/8 hadi f/11. Bei nayo inaweza kupanda kwa kiasi kisicholingana kabisa na faida hiyo.

Kwa chumba cha kawaida cha mjini, chenye upana wa mita tatu na urefu wa mita nne hivi, strobo ya kati ya joule 200 na 400 yatosha. Kwa hakika, taa yenye nguvu kupindukia inaweza kukusumbua. Taa ya joule 1000 inayoweza kupunguzwa hadi sehemu moja ya 16 pekee bado itatoa joule 62. Ile ya joule 400 inayopunguzwa hadi sehemu moja ya 32 itashuka hadi joule 12 na nusu. Kwa hivyo usiulize tu taa hii ina nguvu kiasi gani. Uliza pia inaweza kupunguzwa hadi wapi.

Mambo ya kukagua dukani

Omba taa iwashwe na imweke mara kumi mfululizo kwa nguvu zake zote. Hesabu sekunde inazochukua kabla ya kuwa tayari tena. Taa inayohitaji sekunde nyingi itakufanya upoteze tabasamu la mtoto, na tabasamu likishapotea halirudi kwa amri.

Tazama pia mdomo wa taa, pale panapofungwa vifaa vingine. Mtindo wa Bowens ndio unaotumiwa na watengenezaji wengi. Ingawa kampuni yenyewe ya Uingereza ilifungwa mnamo 2017, mtindo wake ungali unaendelea, na vifaa vyake ni rahisi kuvipata.

Suala la stima nalo si la kupuuza. Kama mtaani kwenu stima hupotea kila mara, au unanuia kupiga picha za nje, zingatia strobo ya betri. Na kama shangazi aliye Marekani ameahidi kukutumia taa, mwambie ahakikishe inakubali volti 240. Umeme wa huko ni wa volti 120, na taa iliyotengenezwa kwa ajili ya huko pekee inaweza kuungua siku ya kwanza utakapoichomeka hapa.

Je, taa iliyokwisha kutumika ni mbaya? La, mara nyingi ni nafuu kubwa. Lakini hapa pana hatari mbili. Kwanza, usithubutu kuifungua mwenyewe hata ikiwa imechomolewa. Kapasita huweza kubaki na umeme wa kuua mtu, na kazi hiyo ni ya fundi anayeielewa. Pili, baadhi ya strobo za zamani hupeleka volti nyingi kwenye kamera kupitia waya wake, na zinaweza kuharibu kamera za kisasa. Usiunganishe waya huo. Tumia triga ya redio, ambayo huiambia taa imweke pasi na waya wowote kati yake na kamera.

Mwisho, usimalize pesa zote kwenye taa. Weka kando za stendi imara, softboksi au mwavuli mpana, triga, na mfuko wa mchanga wa kukalisha juu ya miguu ya stendi. Watoto watakuja studioni kwako, nao hawajui kukaa mbali na waya. Taa ikimwangukia mtoto wa mwenyewe, hakuna picha itakayokutetea.

Softboksi ni wingu lako

Kumbuka jua la saa sita mchana jijini Nairobi mwezi wa Februari. Macho ya watu huzama ndani ya vivuli vyeusi na vipaji vya nyuso humeremeta. Kisha kumbuka mwezi wa Julai, mbingu zikiwa zimefunikwa na mawingu. Nyuso huwa laini na vivuli havionekani. Jua ni lile lile. Kilichobadilika ni kwamba wingu limekuwa taa moja kubwa iliyotanda angani.

Softboksi ndiyo wingu lako. Hata hivyo, wingu hilo huwa kubwa likiwa karibu tu. Softboksi ya sentimita 90 ikiwa mita moja kutoka kwa mteja ni kubwa. Ukiisogeza mita nne nyuma huwa ndogo, na vivuli vikali hurudi.

Hili lina uzito zaidi kwetu sisi wenye ngozi nyeusi. Ngozi yetu hurudisha mwanga kama kioo, nayo taa ndogo huacha madoa meupe kwenye paji la uso na puani. Taa pana iliyo karibu hutandaza mng'ao huo taratibu, na rangi halisi ya ngozi ikaonekana. Mpe mteja kitambaa ajipanguse jasho, naye fundi wa vipodozi apake poda kidogo. Usijaribu kuifanya ngozi iwe nyeupe. Mama aliyevaa kitenge chake cha heshima anataka kujiona yeye mwenyewe.

Na usidhani bila mashine nyingi huwezi kufika mbali. Seydou Keïta alifungua studio yake jijini Bamako, Mali, mnamo 1948, na nyingi za picha zake alizipiga uani kwa mwanga wa mchana. Leo picha hizo zinahifadhiwa katika makumbusho makubwa ya dunia.

Somo lako la kwanza

Mwombe dada au rafiki akae kwenye kigoda, umbali wa mita mbili hivi kutoka ukutani ili kivuli chake kisiangukie hapo. Weka softboksi kando yake, kati ya ubavu na mbele, juu kidogo ya macho, umbali wa mita moja. Upande wa pili simamisha karatasi nyeupe ya manila ili irudishe mwanga kwenye shavu lenye kivuli. Hiyo ndiyo taa yako ya pili, na gharama yake ni ndogo mno.

Panga kamera kwa mkono: ISO 100, shata sehemu moja ya 125 ya sekunde, na tundu f/8. Rangi ipangie mwanga wa fleshi au wa mchana, usiiachie kamera ijiamulie. Sasa zima strobo na upige picha moja. Inapaswa kutoka nyeusi tititi, ishara kwamba taa za nyumba haziingilii kazi yako. Washa strobo upige tena. Picha ikizidi mwanga, punguza nguvu ya taa. Ikiwa na giza, ongeza.

Usijaribu kurekebisha mwanga wa strobo kwa kuharakisha shata. Kamera nyingi zina kikomo, aghalabu kati ya sehemu moja ya 125 na sehemu moja ya 250 ya sekunde. Ukikipita, sehemu ya picha hutoka na ukanda mweusi.

Kisha tazama macho ya dada huyo kwenye picha. Utaona nukta ya mwanga katika kila jicho. Ikiwa ipo pale mshale mfupi unapokuwa saa nne au saa nane, umeweka taa vizuri. Ikiwa haipo kabisa, taa iko juu mno.

Familia nzima ikija

Kanuni moja itakuokoa hapa: ukiongeza umbali maradufu, mwanga hupungua hadi robo. Mtu akiwa mita moja kutoka kwenye taa na mwenzake mita mbili, wa pili atapata robo tu ya mwanga wa kwanza. Baba atang'aa na mtoto wa mwisho atamezwa na giza. Lakini ukiisogeza taa nyuma hadi iwe mita nne kutoka kwa wa kwanza na tano kutoka kwa wa pili, wa pili atapata karibu theluthi mbili. Kwa hivyo kwa kundi kubwa, rudisha taa nyuma, iinue, isogeze karibu na kamera, utumie mwavuli mpana na uongeze nguvu. Hapa ndipo zile joule 400 zitakapokusaidia.

Ewe mzazi, kama mwanao anaomba taa tatu, mnunulie moja pamoja na vifaa vyake, kisha mwambie akuletee picha hamsini za majirani. Zikipendeza, majirani wenyewe watalipia ya pili. Nawe kijana, usione haya kuanza na moja. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza.