Tupande Masale, Tuzuie Moto

Oktoba 2020 moto uliunguza mlima Kilimanjaro kwa siku nyingi. Hapa kwetu Makumira pia, kiangazi kikikaza, cheche moja ya takataka yatosha kuchoma nyumba.

Tufanyeje? Kwanza tufyeke nyasi kavu zote karibu na ukuta. Halafu tuzungushie masale, yale yale tunayopanda mipakani. Majani yake mabichi yana maji, hayawaki upesi. Mshubiri nao ni hivyo hivyo. Mvua za Machi zikianza, kata kipande cha shina la masale, chomeka ardhini, basi. Lakini majani yake makavu ya chini tuyang'oe, hayo huwaka kama karatasi! Mkaratusi ukae mbali, una mafuta. Na mwenye paa la nyasi aangalie zaidi: cheche hurukia juu ya masale.