Mwalimu, Usianzishe Wimbo Chini

Jumatatu na Ijumaa asubuhi, katika shule za msingi kuanzia Njoro hadi Gilgil, bendera hupandishwa na Wimbo wa Taifa huimbwa. Mara nyingi anayeuanzisha ni mwalimu wa zamu. Akiwa mwanamume mwenye besi nzito, watoto humfuata huko huko chini, na kinachosikika si wimbo tena bali mngurumo. Cha ajabu ni kwamba muziki huo asili yake ni wimbo wa Wapokomo wa Mto Tana wa kumbembelezea mtoto. Mzee Meza Morowa Galana aliutoa, na mwaka wa 1963 kamati ya wanamuziki watano, miongoni mwao Graham Hyslop na George Senoga-Zake, ikautengeneza uwe wimbo wa nchi. Leo wimbo huo wa kumlaza mtoto unamkwaruza koo.

Nimeanza na gwaride kwa sababu mazoea ya gwarideni huhamia kwenye kwaya. Mwalimu anayeanzisha wimbo kwa sauti inayomfaa yeye hufanya vivyo hivyo alasiri, masomo yakiisha na wanakwaya wakabaki darasani. Na kwa maoni yangu, hakuna kinachoharibu sauti changa katika shule zetu kuliko hiki.

Nyuzi za sauti za mtoto wa darasa la tatu ni fupi mno, takriban nusu ya zile za mwanamume mzima. Anapozungumza tu, hutetemeka mara 250 hadi 300 kwa sekunde, ilhali za baba yake hazifiki hata nusu ya hapo. Ndani yake bado hazijakomaa. Tabaka zinazozipa ustahimilivu hukamilika wakati wa kubalehe. Mtoto huyu makao yake ni juu. Huko sauti hutoka nyepesi, bila kulazimishwa. Ukimshusha, hawezi kusikika ila kwa kusukuma kutoka kifuani, na akisukuma, nyuzi zile hugongana kwa nguvu. Akiendelea hivyo wiki baada ya wiki, huota vinundu, mfano wa sugu ya kiganjani. Sauti hukwaruza, hukatika katikati ya neno, na noti za juu hupotea.

Sasa tazama kalenda. Tamasha za Muziki za Kenya, zilizoanza mwaka wa 1927, hufanyika muhula wa pili. Shule hupanda ngazi kutoka kaunti ndogo hadi kaunti, kisha eneo, na mwezi wa Agosti fainali ya kitaifa. Huo ndio msimu wa baridi. Nakuru mjini ni zaidi ya mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, na Molo ni karibu mita 2,500. Mwezi wa Julai kule Molo asubuhi ni ukungu, mafua na vikohozi. Mtoto aliyevimba koo huambiwa ajikaze kwa sababu mashindano ni Alhamisi. Husafiri alfajiri, hushangilia ndani ya basi njia nzima, husimama uwanjani saa nyingi akisubiri zamu, na hatimaye hupanda jukwaani kuimba kwa dakika chache akiwa amebakiwa na robo ya sauti. Halafu jaji akiandika kwamba kwaya ilipiga kelele badala ya kuimba, tunasema ameonea shule yetu.

Nyimbo za kiasili ndizo ninazozipenda kuliko zote katika tamasha hizi, na ndizo ninazozihofia. Wimbo wa Kikalenjin, wa Kimaasai au wa Kikuyu humtaka mwimbishaji arushe sauti na kundi limpokee. Kijijini watu hupokezana. Huyu akichoka, yule anadakia. Shuleni tunamteua msichana mmoja wa darasa la tano, tunamrudisha kwenye ubeti ule ule hadi jua linazama, na kesho yake tena. Wafundishwe watatu. Wawili wakipumzika, mmoja aimbe, na siku ya tamasha asimame aliye na afya.

Lawama zote si za mwalimu. Mfumo wa 8-4-4 ulipoanza mwaka wa 1985, muziki ulikuwa miongoni mwa masomo yaliyotahiniwa katika KCPE. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 ukaondolewa kwenye mtihani, na somo lisilotahiniwa tunajua hali yake: kipindi chake huchukuliwa na hisabati. Waliopitia shule enzi hizo ndio wengi wa walimu wa sasa. Mtu hukabidhiwa kwaya kwa sababu anaimba kanisani, na ya kanisani ni kwaya ya watu wazima. Mtaala wa umilisi umerudisha muziki ndani ya sanaa bunifu, ni mwanzo.

Kuna la pili linalonikera, nalo ni namna ya kuchagua wanakwaya. Watoto hupangwa mstari, kila mmoja huimba kidogo, na asiyelenga noti huondolewa au, vibaya zaidi, huambiwa asimame na wenzake lakini afungue mdomo tu. Wengi wa watoto hao hawana kasoro ya sikio. Wamesikia sauti ya mwanamume iliyo oktavu nzima chini yao, wakajaribu kuifuata huko, wakashindwa. Mwite msichana wa darasa la sita amwimbie mwenzake noti ile ile, utashangaa. Mtoto wa darasa la kwanza au la pili anafaa kabisa kujiunga, mradi aanze na nyimbo fupi za michezo na mazoezi yasiyopita nusu saa.

Kuna pia kazi mpya. Tangu Januari 2023, sekondari ya msingi imewekwa katika maboma ya shule za msingi, kwa hiyo uwanja mmoja una mtoto wa miaka sita na mvulana wa miaka kumi na minne ambaye sauti yake inavunjika. Huyu asifukuzwe kwenye kwaya wala asichekwe. Atafutiwe noti chache za katikati anazozifikia bila kukaza shingo, na asilazimishwe kuwa besi kabla besi haijafika.

Na dawa zetu za siku ya mashindano? Kumpa mtoto yai bichi au glukosi ili sauti ilainike ni kama kupaka mafuta bawaba za jirani ukitaka mlango wako uache kulia. Kinachomezwa hupita njia ya chakula. Hakigusi nyuzi za sauti, na yai bichi laweza kumwendesha. Maji ya kawaida, ya kunywa kidogo kidogo tangu asubuhi, ndiyo yenye faida. Kumfunika kwa blanketi juu ya sufuria ya maji yanayochemka ni hatari, kwa kuwa watoto huungua. Aliyepotewa na sauti anyamaze, na asinong'one kwa nguvu, maana hilo nalo linachosha. Sauti ikikwaruza zaidi ya wiki tatu, mpeleke kwa daktari wa masikio, pua na koo. Vinundu vya watoto mara nyingi hutibika kwa kubadilisha matumizi ya sauti, bila upasuaji.

Tiba ya gwarideni haina gharama. Mwalimu mwanamume aombe mwalimu wa kike au mwanafunzi mwenye sauti tulivu aanzishe wimbo, au apate noti kwenye kinanda au kwenye programu ya simu, ambazo nyingine ni za bure. Nawe mzazi, kabla ya kulipa nauli na sare za kwaya muhula wa pili utakapofunguliwa, muulize mwalimu wa kwaya ni nani huwaanzishia watoto wimbo, na huuanzishia wapi.